Kijana wangu ameandikiwa kuwa ameshinda "Nobel ya kompyuta" na anadaiwa dola 480. Tulipe?

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nafanya biashara ya mazao hapa Kibaigwa. Kijana wangu wa pili anasoma kompyuta mwaka wa tatu, chuo cha hapo Dodoma mjini. Mwaka jana alitengeneza programu ya simu: ukipiga picha jani la mzabibu, inakuambia lina ugonjwa gani. Wiki hii ameletewa barua pepe ya Kiingereza kwamba amechaguliwa kupewa tuzo ya dunia ya wanasayansi wa kompyuta, 'iliyo sawa na Nobel'. Sherehe ni Dubai. Anatakiwa alipe dola 480 za kuthibitisha nafasi yake ndani ya siku saba, na atume nakala ya pasipoti. Baba yake anasema tuuze alizeti tuliyoweka stoo, maana bahati haiji mara mbili. Mjomba wake anasema ni utapeli, Mwafrika hapewi tuzo za namna hiyo. Jirani naye anasema mjomba hajui kitu, intaneti yenyewe ilivumbuliwa na Mwafrika. Mimi nimebaki katikati. Je, hiyo Nobel ya kompyuta ipo? Tuzo hizi hutolewaje? Tulipe? Na kama ni uongo, nimwambieje asikate tamaa? Tangu aipate hiyo barua halali kwa furaha. Nimeambatisha nakala."

Mama, habari za Kibaigwa, na hongera kwa kijana. Nianze na lenye haraka, kwa kuwa siku saba zenu zinayoyoma: msilipe. Msiuze hata debe moja la alizeti kwa ajili ya barua hii. Pasipoti isitumwe, wala namba ya NIDA, wala picha ya kitambulisho cha chuo. Na msiwajibu hata kwa kuwakatalia, kwa sababu jibu lolote linawaonyesha kwamba anwani ile ina mtu, na barua nyingine zitafuata. Hilo likishakaa sawa, tuongee kwa utulivu, maana naona hukuniuliza habari ya dola 480 peke yake. Unataka kujua kama kuna mahali duniani ambapo kazi kama ya mwanao huheshimiwa, na kama mahali hapo pana nafasi ya mtoto wa Kibaigwa.

Nobel ya kompyuta haipo. Alfred Nobel, tajiri wa Sweden, aliandika wosia wake mwaka 1895 akataja mambo matano: fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani. Tuzo zikaanza kutolewa mwaka 1901. Ya uchumi ilianzishwa na Benki Kuu ya Sweden mwaka 1968. Wosia ulipoandikwa kompyuta hazikuwepo, na baadaye hakuna aliyeziongeza. Kwetu neno Nobel lilizidi kuwa zito mwaka 2021, mzaliwa wa Zanzibar alipopewa ile ya fasihi, na wanaoandika barua kama hii wanaujua vizuri uzito wa neno hilo.

Tuzo ambayo watu wa kompyuta wenyewe wanaiita Nobel yao ni Tuzo ya Turing. Hutolewa kila mwaka tangu 1966 na ACM, chama cha wanataaluma wa kompyuta kilichoanzishwa Marekani mwaka 1947. Jina ni la Alan Turing, Mwingereza ambaye mwaka 1936, akiwa hajatimiza miaka 25, aliandika makala kuhusu mashine ya kufikirika tu: utepe mrefu, alama juu ya utepe, na kanuni chache za kusoma alama, kuifuta au kuandika nyingine. Alionyesha kwamba mashine nyepesi namna hiyo inaweza kufanya hesabu yoyote inayoelezeka hatua kwa hatua, na pia kwamba yapo maswali ambayo hakuna mashine itakayoyajibu kamwe. Simu uliyoniandikia inafanya kazi kwa wazo hilo hilo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa waliovunja mafumbo ya jeshi la Ujerumani, na alipokufa mwaka 1954, akiwa na miaka 41, kazi hiyo ya vita ilikuwa bado siri ya serikali. Leo anayepewa tuzo yenye jina lake hupokea dola milioni moja, fedha inayotolewa na kampuni ya Google. Hebu tazama fedha inaelekea wapi: inatoka kwa watoa tuzo inakwenda kwa mshindi. Kwenye barua yenu inatoka stoo ya Kibaigwa.

Pana jambo moja linaloweza kuwachanganya, nalo nilitaje mapema kabla mjomba hajalikuta mtandaoni. Watu wa kompyuta wamewahi kupata Nobel, ila kwa majina mengine. Herbert Simon alipata Tuzo ya Turing mwaka 1975 pamoja na Allen Newell, kisha mwaka 1978 akapata Nobel ya uchumi. Mwaka 2024 Geoffrey Hinton alipewa Nobel ya fizikia pamoja na John Hopfield, na mwaka huo huo Demis Hassabis na John Jumper walipata nusu ya Nobel ya kemia kwa programu inayokisia umbo la protini. Kwa hiyo anayesema mtu wa kompyuta kapata Nobel anaweza kuwa anasema kweli. Anayesema ipo "Nobel ya kompyuta" na fomu yake ni hii hapa, huyo msimwamini.

Huyu Hinton nakaa naye kidogo, kwa sababu programu ya kijana wako ina deni kwake. Sijaiona, lakini nyingi za kusoma majani hujengwa hivi. Picha ya jani, kwa kompyuta, ni jedwali kubwa la namba: kila nukta ina namba za wekundu, ukijani na ubuluu wake. Namba hizo zinapita kwenye tabaka moja baada ya jingine la mahesabu madogo madogo, tabaka la mwisho linatoa jibu, tuseme "jani zima" au "ubwiri unga", ugonjwa unaoacha kama unga mweupe juu ya jani. Mwanzoni majibu ni ya kubahatisha. Programu ikikosea, kosa linarudishwa nyuma, tabaka kwa tabaka, na kila hesabu inarekebishwa kidogo ili safari ijayo kosa lipungue. Ukirudia hivyo kwa maelfu ya picha, mahesabu yanaanza kushika kilicho muhimu kwenye jani. Njia hiyo ya kurudisha kosa nyuma ilipata nguvu kwa makala ya mwaka 1986 ya David Rumelhart, Hinton na Ronald Williams. Mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini Yann LeCun alijenga mitandao ya aina hiyo yenye umbo linalofaa picha, ikasoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Kisha ikafuata miaka mingi ambayo watafiti wengi waliiona kazi hiyo kama njia iliyofika ukingoni. Kompyuta zilikuwa dhaifu na picha za kufundishia chache. Tuzo ya Turing kwa Hinton, LeCun na Yoshua Bengio ni ya mwaka 2018. Kutoka 1986 hadi 2018 ni miaka 32. Kijana wako alipakua kwa dakika chache kitu ambacho wenzake walikivumilia kwa nusu ya maisha yao.

Sasa tuzo hizi hutolewaje. Tuzo ya Turing mtu hajipendekezi mwenyewe, hairuhusiwi. Anayependekeza ni mtu mwingine anayeifahamu kazi, anaeleza mchango wenyewe ni upi, na wataalamu wengine wanaandika barua za kumuunga mkono. Kamati inasoma, inalinganisha, inaamua. Hakuna ada ya kupendekezwa, hakuna ada ya kushinda, hakuna "nafasi" ya kuthibitisha. Na kamati haina haraka, kwa sababu inataka kuona watu wengine wameifanyia nini kazi hiyo.

Nikupe mfano mmoja nilioupenda tangu nilipokuwa mwanafunzi. Chukulia uko sokoni Kibaigwa, umesimama upande mmoja wa barabara, mnunuzi yuko upande wa pili, na soko zima linawasikia. Hamjawahi kuonana. Mnawezaje kukubaliana neno la siri kwa kupaza sauti, kila mtu akisikia, na bado walanguzi wote waliosimama pale wasilijue? Kwa karne nyingi jibu lilikuwa kwamba haiwezekani, lazima kwanza mkutane faraghani. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ya kulifanya hilo kwa hesabu ambayo ni rahisi kuifanya na ngumu mno kuirudisha nyuma. Wengine watatu, Rivest, Shamir na Adleman, wakaja mwaka uliofuata na njia yao ya kutumia wazo hilo kufunga na kufungua ujumbe. Kijana wako alipofungua tovuti ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, namba zake zilisafiri salama kwa kazi iliyoanzia hapo. Hao watatu walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2002. Diffie na Hellman walisubiri hadi ya 2015. Miaka 39.

Kisa hicho kina upande wa pili, na huo ndio ningependa kijana ausome kwa makini. Waingereza watatu waliokuwa wakifanya kazi kwenye idara ya siri ya mawasiliano ya serikali yao, James Ellis, Clifford Cocks na Malcolm Williamson, walikuwa wameyafikia mawazo hayo hayo kabla ya hao watano, kati ya mwaka 1970 na 1974. Kazi yao ilifungiwa kabatini. Dunia iliambiwa Desemba 1997, na Ellis alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla. Walitangulia, na akili hawakupungukiwa, lakini hakuna aliyeweza kuipima kazi yao, kuikosoa, wala kujenga juu yake, kwa sababu hakuna aliyeiona. Sidhani kama walitendewa haki. Lakini nimekaa na kisa hicho muda mrefu na nimeishia kuelewa kwamba tuzo zote za maana kwenye fani hii zinasubiri kitu kimoja, kazi iliyowekwa mahali ambapo watu wasiokujua wanaweza kuijaribu.

Turudi kwenye barua yenu. Inamwita kijana wa mwaka wa tatu "Profesa". Jina la mradi wake limebandikwa kwa herufi kubwa, kwa mwandiko tofauti na maneno mengine, na kosa la tahajia alilolifanya yeye mwenyewe alipoandika muhtasari limebaki vile vile. Hakuna sentensi hata moja inayosema programu yake inafanya nini. Jibu linatakiwa litumwe kwenye anwani ya barua pepe ya bure, ile ambayo mtu yeyote anaifungua kwa dakika mbili, na akaunti ya kupokea fedha ina jina la mtu binafsi. Yote haya yana maelezo mepesi. Ziko programu zinazopita mtandaoni usiku na mchana zikiokota muhtasari wa kazi za wanafunzi na watafiti, kila palipo na barua pepe na kichwa cha habari, vinachukuliwa na kutumbukizwa kwenye barua moja iliyoandikwa tayari. Muhtasari wa kijana ulipowekwa mtandaoni baada ya maonyesho ya wanafunzi, anwani yake ilikuwa pale chini. Hakuna mtu aliyesoma kazi yake. Mimi mwenyewe napokea barua za namna hii karibu kila wiki, na nimewahi kupewa "tuzo ya dunia" ya somo ambalo sijawahi kulisoma.

Sote tunaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Unatumwa kwa watu wengi, na unampata yule mmoja ambaye siku hiyo kweli alikuwa anatakiwa kutuma hela. Barua ya tuzo nayo inatumwa kwa wengi, inampata yule ambaye kweli amefanya kazi na anatamani mtu aione. Ndiyo sababu nasema kijana wako hakuwa mjinga kuamini. Na zile siku saba zimewekwa makusudi, ili pasipatikane muda wa kuniandikia mimi.

Kwa haki niseme pia kwamba si zote ni wizi wa moja kwa moja. Wapo wafanyabiashara ambao ukiwalipa kweli wanakodi ukumbi wa hoteli, wanakupa kioo chenye jina lako, wanakupiga picha na kukuaga. Hawajakudanganya kuhusu kioo. Wamekudanganya kuhusu maana yake, maana kila aliyelipa amepata. Mtu wa kamati ya ajira au wa ufadhili wa masomo anayeijua fani akikiona kwenye wasifu wa kijana, kitamshushia heshima badala ya kumpandishia. Kwa hiyo hata kama hii ni ya aina hiyo ya pili, jibu langu ni lile lile, na zaidi ya shilingi milioni moja zibaki nyumbani.

Msije mkaishia kuogopa kila malipo, lakini. Kwenye taaluma yapo malipo halali: ada ya uanachama wa chama cha wataalamu, ada ya kuhudhuria mkutano ambako kazi yako imesomwa na kukubaliwa na wataalamu, wakati mwingine gharama ya kuchapisha makala. Hizo ni gharama za kushiriki, na zinatangazwa wazi kwa kila mtu. Na kwa vijana wetu ipo mikutano mizuri inayojitahidi kupunguza hata hizo. Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wanaofanya akili mnemba, ulianza Johannesburg mwaka 2017 na mwaka 2025 ulifanyika Kigali. Mtu anaomba kushiriki, maombi yanasomwa, na wapo wanaosaidiwa nauli. Una tuzo zake pia, moja ina jina la Thamsanqa Kambule, mwalimu wa hesabu wa Afrika Kusini, nyingine la Wangari Maathai. Hapa nyumbani yapo MAKISATU, mashindano ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Wizara ya Elimu yaliyoanza mwaka 2019. Na kama kijana anapenda kuandika programu kwa kasi, yapo mashindano ya vyuo ya ICPC: wanafunzi watatu, kompyuta moja, saa tano, na maswali ambayo hayajali baba yako ni nani.

Mjomba na jirani. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli akakiongeza maji. Ni kweli, mjomba, kwamba kwenye orodha ya Turing hakuna bado mtu aliyeifanya kazi yake Afrika. Sababu zipo na zinaumiza: maabara, mashine, umeme wa uhakika, muda wa kutafiti bila kufundisha vipindi ishirini kwa wiki, na zile barua za kupendekezwa, ambazo huandikwa na watu wanaokujua, nao wanakaa mbali. Lakini "hapewi" ni neno la kufunga mlango, na mlango huo umewahi kufunguliwa na watu walioonekana kuwa nje. Tuzo ilipita kwa wanaume watupu kwa miaka 40, hadi ya mwaka 2006 ilipokwenda kwa Frances Allen. Alikulia shambani, akawa mwalimu wa hesabu, akaingia kampuni ya IBM mwaka 1957 kwa nia ya kulipa mkopo wake wa masomo kisha arudi darasani. Akabaki pale miaka 45, akifanya kazi ya kuzifundisha kompyuta kutafsiri maandishi ya programu kuwa lugha ya mashine kwa namna inayokwenda kasi zaidi. Raj Reddy, aliyepewa mwaka 1994 kwa kazi ya akili mnemba, alizaliwa mwaka 1937 kijijini Katur, India, mtoto wa mkulima. Kijana anayedaiwa mkopo wa chuo na aliyekulia kwenye magunia ya alizeti asiambiwe kwamba watu wa namna yake hawapo.

Na jirani: intaneti haikuvumbuliwa na mtu mmoja. Mizizi yake ni mtandao wa ARPANET uliowashwa Marekani mwaka 1969, na kanuni zinazoziwezesha kompyuta za mitandao tofauti kuelewana ziliandikwa na Vint Cerf na Robert Kahn kwenye makala ya mwaka 1974. Walipata Tuzo ya Turing ya 2004. Anayetajwa sana kwenye simu zetu ni Philip Emeagwali wa Nigeria, na yeye alipata tuzo ya kweli kabisa, ya Gordon Bell ya mwaka 1989, kwa kutumia mashine yenye vichakataji 65,536 kupiga mahesabu ya mafuta yaliyo ardhini. Ni kazi ya kujivunia ilivyo. Kumwita baba wa intaneti ni kumvika nguo isiyo yake. Nionavyo mimi, uongo huo unatunyima majina mengine ambayo tungepaswa kuyajua: Nii Quaynor wa Ghana, aliyepewa Tuzo ya Jonathan Postel mwaka 2007 kwa kazi ya kuisimika intaneti barani Afrika, au Dorcas Muthoni, jirani yetu wa Kenya, ambaye mwaka 2014 jina lake liliingizwa kwenye orodha ya heshima ya watu walioijenga na kuieneza intaneti. Hao hawakulipia.

Ikiwa hadi unasoma haya kijana ameshatuma kitu, msigombane naye, fanyeni haraka. Kama ni fedha, aende tawi la benki yake siku hiyo hiyo, kwa miguu yake, si kwa simu, aombe muamala usimamishwe. Kama ni pasipoti au NIDA, aende polisi atoe taarifa na apewe RB, ili siku jina lake likitumiwa vibaya awe na kumbukumbu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu watu hawa. Wakimpigia au kumtumia ujumbe kwa namba ya simu ya hapa nchini, namba hiyo aitume TCRA kupitia 15040. Kama alifungua kiungo akaandika nywila yake, aibadilishe kila mahali anapoitumia. Barua yenyewe asiifute, ni ushahidi. Kisha aipeleke kwa msimamizi wake wa mradi au mkuu wa idara, kwa kuwa nina hakika si mwanafunzi pekee aliyeipata.

Limebaki lile gumu, la kumwambia. Usimwambie kwa simu. Akija mwisho wa wiki, muombe kwanza akuonyeshe programu yenyewe, picha kwa picha, kama mtu anayetaka kujua. Halafu isomeni barua pamoja, umwachie mwenyewe akutafutie sentensi inayoonyesha kwamba walioiandika wanajua programu inafanya nini. Ataitafuta na hataiona. Ni bora alione mwenyewe kuliko kuambiwa na mjomba.

Baada ya hapo mpe kazi, na mimi namwelekeza ni ipi. Kaskazini mwa mji wa Dodoma, Makutupora, kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kinachotafiti zabibu. Aende pale na barua ya utambulisho ya chuo, aombe kupewa majani 200 ambayo mtaalamu wa magonjwa ameshayatambua na ambayo programu haijawahi kuyaona. Picha alizofundishia huenda alizitoa mtandaoni, jani moja moja juu ya karatasi nyeupe, mwanga mzuri. Shamba la Mpunguzi saa saba mchana halifanani na hiyo: kuna vumbi jekundu, kivuli cha jani juu ya jani, simu yenye kioo kilichokwaruzwa. Na mkulima aliyepulizia salfa jana ameacha unga juu ya majani. Je, programu itaujua unga huo, au itasema ni ubwiri unga? Jani lenye dawa likiitwa jani gonjwa, mkulima atapulizia tena, na hela yake imepotea.

Asiangalie tu amepatia mangapi kwa jumla. Majani 180 kati ya 200 yakiwa mazima, programu inayosema "zima" kwa kila kitu, bila hata kuitazama picha, itapatia asilimia 90. Ahesabu yale yenye ugonjwa peke yake: kati ya majani 20 yenye ugonjwa, ameyakamata mangapi? Matokeo hayo, mazuri au mabaya, ayaandike na kuyaweka hadharani pamoja na picha zenyewe na programu yenyewe, ili mwingine wa Hombolo au wa nchi nyingine ayajaribu. Barua pepe yake tu asiiweke pale chini.

Nauli ya Makutupora ni ndogo, hiyo mpeni. Na akirudi, kabla hujamuuliza amepatia mangapi, muombe akuonyeshe yale aliyokosea.